Begi Kwenye Foleni

Kwetu Murungu maji hayasubiriwi na mtu, yanasubiriwa na dumu. Unaamka, unalibeba dumu lako mpaka kwenye pampu, unaliweka nyuma ya dumu la mwenzako, unakwenda zako shamba. Ukirudi utakuta limesogezwa. Hakuna anayeruka foleni, na ugomvi ukitokea ni wa kina mama wawili wenye madumu ya rangi moja. Dumu lako ndiyo wewe. Hivyo ndivyo tulivyowalea watoto wetu, na si kwa kupenda. Pampu inayofanya kazi ni moja. Ya pili ilikatika chuma tangu watu wa kampeni walipokuja kupiga nayo picha, na picha nasikia zilitoka vizuri.

Siku ile niliweka dumu langu alfajiri, nikapanda bodaboda kwenda Kibondo mjini, dukani kwa Bi Zuhra. Binti yangu Evaline alikuwa anarudi kutoka Uarabuni, na habari zake zote zilipita kwenye simu ya Bi Zuhra, kwa sababu yangu ni kitochi, haipokei picha wala hizo sauti za mtandao.

Eva alikwenda kule baada ya kumaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani muda mrefu akingoja kazi ambayo wakubwa waliiahidi kila walipotaka kura. Dalali mmoja wa Kasulu akaja na maneno matamu, akamchukua kwenda kufanya kazi za ndani. Nyumba ya kwanza haikuwa na shida. Ya pili, mwenye nyumba akaanza kumfuata jikoni kila mkewe akitoka. Eva alilia kwenye ile simu mpaka Bi Zuhra akatoka nje ya duka lake mwenyewe, akaniacha humo na sauti ya mwanangu. Nilikwenda ofisini kwa wahusika. Wakaniambia niandike barua. Nikaandikiwa, nikapeleka, wakaniambia anayesoma barua yuko semina.

Aliyemtoa mwisho ni mke wa yule bwana, kwa huruma au kwa wivu, Mungu anajua. Alimpa Eva pasipoti yake na tiketi. Lakini tiketi ilikuwa ya siku ile tu. Asipopanda, imekufa, na kule hana pengine pa kulala isipokuwa nyumba ileile, na mle ndani kuna bwana aliyebaki na hasira zake. Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani asubuhi ile. Ndege ikimwacha mwanangu, amerudi jikoni.

Na mimi mambo ya ndege siyapendi. Mke wangu Vestina alipozidiwa, zahanati iliandika apelekwe Kasulu, hospitali kubwa. Gari la wagonjwa halikuwepo. Tukaambiwa limekwenda kwenye uwanja wa ndege kubeba mizigo ya mkubwa fulani aliyeshuka na kindege na watu wake, magari mengine yamejaa. Tukasubiri ukutani, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu. Gari lilirudi na chupa tupu za maji, zikigongana sakafuni. Vestina alikuwa ameshapoa.

Eva hakumzika mama yake, alikuwa huko. Siku ya kuondoa matanga ndugu waligawana nguo za marehemu kama desturi ilivyo, sikubaki hata na kilemba. Kitu pekee cha Vestina kilichosalia duniani kilikuwa kitenge chake cha njano chenye majani ya kijani, alichompa Eva siku anaondoka. Nilimwambia Eva akitunze kama macho yake. Sasa kilikuwa ndani ya begi lake, kinarudi naye.

Nilifika dukani Bi Zuhra hajafungua.

"Mwakeye, Bi Zuhra," nikamwamkia kwa Kiha chetu.

"Baba Eva, umekuja kabla ya ufunguo. Sogea basi nifungue."

Bi Zuhra kwao ni Tanga, ameolewa Kibondo siku nyingi. Anauza madera na mashuka, na akipata nafasi huenda Uarabuni mwenyewe kuchukua mzigo. Ule uwanja ambao Eva alitakiwa kubadilishia ndege aliujua kama anavyojua rafu zake.

"Ule si uwanja, ule ni mji," alisema akitundika madera mlangoni. "Una misikiti, una maduka, una hoteli ndani. Eva atashuka jengo la kwanza. Ndege ya Dar iko jengo la tatu."

"Atatembea?"

"Atapanda treni."

"Treni ndani ya uwanja wa ndege?"

"Inatoka jengo moja kwenda jengo jingine. Haina dereva."

Nikafikiri ananitania. "Nani anaiendesha?"

"Inajiendesha."

"Na ikikosea?"

"Baba Eva, zenye dereva hazikosei? Kaa chini. Ukinisimamia hivyo wateja watadhani umekuja kudai."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikafikiri, wenzetu wana treni ya kuvukia uani, na sisi gari moja la wagonjwa linabeba masanduku ya wakubwa. Sikusema. Bi Zuhra ameshayasikia hayo, na huwa ananiambia kwamba nikianza kuisema serikali hata chai inapoa.

Ujumbe wa kwanza ulikuja jua likiwa limeanza kuingia dukani. Bi Zuhra akafungua sauti. "Shikamoo baba, shikamoo Bi Zuhra. Nimeshuka. Watu ni wengi, sakafu inateleza kama imepakwa mafuta. Nimemuonyesha dada mmoja tiketi, amenyoosha mkono tu. Niende wapi?"

Bi Zuhra akaishika simu karibu na mdomo. "Eva mwanangu, usimfuate mtu, fuata vibao. Tafuta penye picha ya treni. Ukipanda, usishuke mpaka uone tatu. Ukishuka, angalia geti kwenye zile runinga kubwa, si kwenye tiketi, maana geti hubadilika. Na pasipoti iweke kifuani, si kwenye begi."

Tukangoja. Mteja aliingia akauliza bei ya shuka, nikamjibu vibaya, Bi Zuhra akaniambia nisimfukuzie riziki. Ikaja picha: kioo kirefu, na ndani ya kioo uso wa mwanangu, umekonda, begi la kitambaa jeusi limeshikwa mbele kama mtoto. Yuko ndani ya ile treni. Nilitaka kuiangalia zaidi lakini simu ikajizima mwanga, na mimi kuiwasha sijui.

Kisha ujumbe mwingine. Safari hii sauti ya Eva ilikuwa imetulia. "Nimelipata geti, baba. Limebadilika kweli, nimetembea mpaka miguu imevimba. Foleni ni ndefu kama ya pampu, na bado hawajafungua. Nimeweka begi langu nyuma ya baba mmoja, nimekaa huku pembeni kidogo. Nanawa uso nirudi."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka siku hiyo. Nikasema, "Umeona? Hajasahau kwao."

Bi Zuhra hakucheka. "Amesema ameweka begi wapi?"

"Kwenye foleni."

"Na yeye yuko wapi?"

"Amekwenda kunawa. Si amesema?"

Akaishika simu kwa mikono miwili. "Eva. Rudi kwenye begi lako. Sasa hivi, acha kunawa, rudi. Usiliache peke yake hata kidogo." Akatuma. Kikatokea kitiki kimoja cha kijivu, na kikabaki kimoja. Kimoja maana yake haujafika, alinieleza.

"Kuna wezi?" nikauliza.

"Afadhali wezi. Kule begi lisilo na mtu ni bomu."

"Lile la kitambaa? Lina kitenge ndani."

"Wao watajuaje lina kitenge?"

Akatuma tena. Kitiki kimoja. Akaangalia juu ya simu, akasema mtandao wa mnara umeondoka. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na mnara wetu umeme ukikawia nao hulala. Nikatoka nje nikasimama barabarani na simu ya Bi Zuhra nimeiinua juu, mtu mzima na mvi zangu, bodaboda wakipita wakiniambia, "Mzee, shusha, hakuna ndege hapa." Nilikuwa nafikiri jambo moja tu. Wangeleta bomba la maji Murungu, kama walivyoahidi mara ngapi sijui, mwanangu angejulia wapi kuacha begi kwenye foleni? Mtoto wa Dar hawezi kufanya hivyo. Mtoto wa waziri hawezi. Ni wa kwetu tu, aliyefundishwa na ukame wa pampu moja kwamba kitu chako kikisimama, umesimama wewe.

Mtandao ukarudi, simu ikaita ikiwa mkononi mwangu juu. Niliishusha nikamkimbilia nayo Bi Zuhra aipokee.

Eva alikuwa ananong'ona. "Baba, wamezungushia utepe. Wamewasogeza watu wote. Kuna mbwa. Nimesema ni langu, wamenishika mkono wameniingiza chumbani. Wananiuliza Kiingereza haraka haraka, sielewi. Na nje wanaita watu wa Dar."

Kiingereza cha Eva ni cha darasani, kikiona askari kinakimbia. Bi Zuhra akajaribu Kiarabu, lakini chake ni cha sokoni, cha kupunguziwa bei, na askari aliyeichukua simu kwa Eva hakuwa Mwarabu. Bi Zuhra akaniangalia.

"Mwalimu Obedi yuko hapo jirani, anatoa kopi za mtihani. Nimwite?"

Nilijua kwa nini anauliza. Obedi ni mwalimu wa sekondari, ameletwa na serikali kutoka Iringa, na kwenye mkutano wa hadhara uliopita nilisimama mbele ya watu wote nikasema waajiriwa wa serikali ni kupe, nikamnyooshea kidole yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa karibu.

"Mwite," nikasema.

Obedi akaja na karatasi zake kwapani. Bi Zuhra akamweleza kwa maneno machache. Akanitazama.

"Mzee Renatus, nikusaidie sasa, au tusubiri mkutano wa hadhara?"

"Mwalimu, mwanangu yuko na mbwa."

Akaweka karatasi juu ya madera, akachukua simu. Nilisikia Kiingereza chake kikienda taratibu, na sauti ya mwanaume upande wa pili, nzito, isiyo na haraka, kama ya mtu anayeandika huku anaongea. Mimi Kiingereza sikijui, nilikuwa namwangalia Obedi usoni kama mtu anayeangalia mawingu.

"Anauliza," Obedi akasema akiziba simu, "kwa nini mtu aache begi lake katikati ya watu kisha aondoke."

"Mwambie maji."

"Maji?"

"Mwambie dumu. Unajua mwenyewe. Au kwenu walimu mmechimbiwa kisima?"

"Mzee, hata sasa hivi ndoo yangu iko kwenye foleni pale shuleni," Obedi akasema, na akarudi kwenye simu. Akaeleza. Alieleza kwa mkono pia, akipanga madumu hewani moja baada ya jingine, ingawa yule hamuoni. Nikaona jasho linamtoka Bi Zuhra chini ya ushungi.

Kisha yule mtu akasema kitu kifupi.

"Anasema kijijini kwa bibi yake foleni wanaipanga kwa viatu," Obedi akasema.

"Kwa hiyo anamwachia?"

"Ngoja."

Wakaongea tena. Obedi akawa anaitikia, anaitikia, kisha akaacha kuitikia. Akaniambia pole pole. Eva hana kosa, wamemwelewa. Lakini begi limeshachukuliwa, linafunguliwa na watu wengine jengo jingine, na sheria haimruhusu yule bwana kulirudisha kabla hawajamaliza. Geti la Dar linafungwa. Eva anaweza kwenda sasa bila begi, au kubaki alisubiri, na ndege ikaondoka.

"Basi aende," akasema Bi Zuhra. "Anangoja nini?"

Obedi akafungua sauti ili tusikie wote. Eva alikuwa analia bila kujificha. "Siwezi baba. Kitenge cha mama kimo humo. Mama sikumzika, sikushika hata udongo wake. Nisubiri kidogo tu, baba, labda watakileta."

Nilichukua simu. Nikaiona ile njano. Nilimwona Vestina amejifunga kile kitenge anapepeta maharage, anaimba kwa pua. Nikikubali kiende, hakuna tena kitu nitakachonusa nikajua ni yeye. Na Mungu anisamehe, nilikaa kimya mpaka nikasikia mlango ukifunguliwa kule, na mtu akisema Dar, Dar.

"Eva," nikasema. "Begi siyo wewe."

"Baba, wewe ndiye uliyesema..."

"Nilisema dumu. Sikiliza. Mama yako alikufa akisubiri gari. Wewe gari lako limekuja. Panda."

Nilisikia kiti kikikwaruza, viatu, yule mtu mzito akisema kitu, watu wengi kwa pamoja kama sokoni. Halafu simu ikakatika.

Bi Zuhra akatuma ujumbe. Kitiki kimoja.

Akatuma mwingine baada ya muda. Kitiki kimoja.

"Mtandao tunao," alisema. "Simu yake ndiyo imezimwa."

"Imezimwa maana yuko kwenye ndege?"

"Kwenye ndege wanazima."

"Na chumba cha askari wanazima?"

Bi Zuhra akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa. Obedi alikuwa bado amesimama, kengele ya shule imeshalia zamani. Nilimwambia aende kwa watoto wa watu. Akaokota karatasi zake. Akasema ndege ya saa hizi itafika Dar jioni, na akijua lolote atapita. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu ule mkutano. Nikamwambia tu, "Mwalimu, karatasi yako moja imebaki kwenye dera."

Nilikaa pale mpaka Bi Zuhra akachoka na mimi. "Nenda nyumbani, Baba Eva. Ndege huwezi kuisukuma kutoka kwenye kigoda changu. Namba yako ya kitochi anayo kichwani, laini yake ya kule huku haitashika, akitua atatafuta mtu wa kumwazima simu."

Nilirudi Murungu. Njiani yule kijana wa bodaboda aliongea habari za mpira, nikawa naitikia. Kila jambo nililolifikiria lilikuwa na milango miwili. Kwa mlango mmoja mwanangu yuko juu ya mawingu. Kwa mwingine amechelewa kwa sababu ya kimya changu, amerudishwa kwenye ile nyumba, na yule bwana amemfungulia geti. Nani nimuulize? Yule anayesoma barua bado yuko semina.

Kwenye pampu foleni ilikuwa haijafika mbali. Mpini ulikuwa umelegea tena, wakaufunga kwa kamba ya mpira. Dumu langu lilikuwa limesogezwa kama desturi, mbele yake madumu machache. Ningeweza kwenda kukaa kivulini. Nikasimama pale pale kando ya dumu langu, juani, mkono kwenye mfuko wa shati palipo na simu.

Mwatumu, jirani yangu, ndiye aliyekuwa anapampu. Aliniangalia, akamwangalia mwenzake.

"Mzee Renatus, hilo dumu limekuwa mtoto mchanga? Mbona unalilinda?"

Wanawake wakacheka. Dumu likasogezwa hatua moja, nami nikasogea hatua moja. Wakacheka zaidi, kisha mmoja akaniangalia vizuri usoni, akawanyamazisha wenzake.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye migomba simu ilipoita. Namba ngeni. Siku hizi namba ngeni ni matapeli, wanakuambia umeshinda, au ile hela itume kwenye namba hii, na kila siku wanasema watawakamata na hawawakamati. Nilikaribia kuikata. Nikaipokea.

"Baba."

Nikaibana simu sikioni.

"Baba, unanisikia? Nimeazima simu ya mama mmoja tuliyekaa naye. Niko Dar. Wametushusha kwenye jengo jipya la hapa, nalo wanaliita la tatu. Mlango wa ndege ulikuwa unafungwa, yule askari ndiye aliyekimbia mbele yangu kuwaambia wangoje. Begi limebaki, baba. Wamenipa namba, wanasema huenda likaja, huenda lisije."

"Umekula?"

"Nimekula kwenye ndege. Baba, kitenge..."

"Nimesikia. Sasa uko wapi hapo ulipo?"

"Niko kwenye foleni ya kugonga pasipoti. Ni ndefu."

"Umesimama mwenyewe?"

Nikasikia kwamba anatabasamu au analia, kwa simu ile ni vigumu kujua. "Nimesimama mwenyewe, baba. Sina hata cha kuweka."

Simu ya watu ikakatika. Bado alikuwa na basi la Dar mpaka Kibondo mbele yake, na mashimo yote ambayo wakubwa huyapita kwa juu. Nikaendelea kuishika simu sikioni. Mwatumu alikuwa ameshalivuta dumu langu chini ya bomba, anapampu.